Plagi za Boti ya Shemeji

Kaka wa mke wangu simpendi. Naliandika hilo mwanzo kabisa ili msomaji asije akakaa akingoja mahali nitakapolainika. Simpendi anavyokula, simpendi anavyocheka kwa pua, na zaidi ya yote simpendi anavyoniita "mulamu", neno la Kiganda la shemeji, akilivuta kama anayetoa mwiba wa samaki katikati ya meno. Yeye pia hanipendi. Katika hilo peke yake tunapatana.

Wao ni Wanubi, wajukuu wa askari walioletwa na Waingereza kutoka Sudan, wakabaki, wakazaa, wakawa watu wa Kampala kuliko wengi wanaojidai wenye Kampala. Mimi ni Mkenya wa Kitale, fundi wa injini, niliyekuja kutafuta kazi nikapata kazi na mke. Ili nimwoe nilisilimu, na nilisilimu kwa moyo wangu, lakini shemeji tangu siku ya ndoa ananiita Muislamu wa pilau. Baba mkwe alikuwa hai wakati huo na alikuwa akimkemea. Alipofariki, shemeji ndiye akawa mkubwa wa nyumba, na mdomo wake ukakosa wa kuufunga.

Ijumaa moja alikuja kwetu Kabalagala baada ya sala, bila taarifa, kama kawaida yake. Tunakaa vyumba viwili nyuma ya baa, na sikatai kwamba muziki wao unaingia mpaka ndani ya chandarua. Mke wangu akampakulia. Akala, akaongezewa, akala tena, na katikati ya kula akamwambia dada yake, mimi nikiwa nimekaa hapo hapo:

"Wanaume wa kwetu waliisha? Ukaenda kuokota hii kitu ya ng'ambo ya Busia, inakuweka kwa nyumba ya walevi."

Niliinuka nikamwondolea sahani. Niliichukua mbele yake, tonge likiwa bado mkononi mwake, nikaenda kuiweka jikoni.

Sijui kama kuna watu duniani ambao kwao jambo hilo si baya. Kwa kina mke wangu, ambao mgeni akikataa kula wanamwuliza amekosewa nini, ni sawa na kumtukania mtu mama yake. Shemeji alinawa mkono polepole, akatoka. Mke wangu alinitazama, akajitanda mtandio wake, akamfuata. Jioni ile akatuma mtu aje kuchukua nguo zake.

Watu wamenishauri niseme nilikosea. Sisemi. Mtu hawezi kula chakula changu na kunitukana kwa mdomo ule ule, achague kimoja.

Lakini nyumba bila mke wangu ilinishinda. Nilikuwa nikirudi kutoka gereji nakaa kwenye ukingo wa kitanda na viatu vyangu, nasikiliza walevi wakicheka ng'ambo ya ukuta, sina hata wa kuwalaani naye. Nikaenda kwa mama mkwe, chini ya kilima cha Nsambya, na sukari na sabuni mkononi, nikakaa mkekani kwa adabu. Alinipokea vizuri, akanipa chai, akasema, "Mwanangu, mimi sina neno. Mwenye neno ni yule uliyemnyang'anya sahani." Mke wangu ni mshonaji, na alikuwa chumba cha pili, nilikuwa nikiisikia cherehani yake. Nilipoanza kuongea cherehani ikanyamaza, nilipomaliza ikaendelea. Hakutoka. Baadaye alinipigia simu akaniambia nimwombe kaka yake msamaha naye atarudi, na kama siwezi, nisimsumbue.

Ndipo shemeji akaniletea ujumbe. Boti yake inaumwa. Nije Jumamosi ziwani niitengeneze, tukimaliza "tutaongea". Alijua vizuri anachofanya. Mafundi wa injini za boti ya namna ile hawajajaa Kampala, na mimi nilizijulia Kisumu kabla sijavuka mpaka. Ingekuwa ni mtu mwingine ningemwambia aipige makasia. Lakini mkono mtupu haulambwi, nami nilikuwa nakwenda kuomba. Nikanunua plagi mpya, nikabeba sanduku langu la vifaa, nikaenda Ggaba, ufukweni.

Boti yenyewe aliinunua kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Ni boti ya jeti. Haina panga boi la kuzunguka majini. Injini kubwa kama ya lori imelazwa nyuma chini ya kifuniko, inavuta maji kwa tumboni na kuyatema nyuma kwa nguvu, na boti inaruka. Jumapili shemeji huwapakia vijana wa mjini, anawazungusha wakipiga kelele, anawarudisha wamelowa na wamefurahi. Kabla ya hapo alikuwa akiendesha boda boda. Alitoka kwenye pikipiki ya silinda moja akaingia kwenye injini ya silinda nane bila kumwuliza mtu chochote, na hakuona kwa nini aulize.

Nilimkuta amekaa kwenye ukingo wa boti, imefungwa kwenye maji ya magoti, jua limeshapanda, kaloli, wale korongo wenye upara, wakigombania matumbo ya samaki pale ufukweni. Nikamsalimia kwa salaam aleikum. Akaniambia nimechelewa. Alikuwa akila roleksi, ile chapati iliyokunjiwa mayai, na alihakikisha nimeona kwamba haninyimi kwa kusahau.

"Inakohoa," akasema. "Haina nguvu. Badilisha plagi."

"Umeangalia kabureta?"

"Nimesema plagi, mulamu."

Nilifungua kifuniko nikashuka ndani. Plagi ya kwanza ilitoka nyeusi tii, imelowa, inanuka. Plagi ikitoka hivyo inakuambia wazi kwamba injini inanyweshwa petroli kuliko inavyoweza kuchoma, na kwamba hizo mpya zitakuwa hivyo hivyo usipoziba panapovuja. Nikamwambia kuweka plagi na kuiacha kabureta ni kumvalisha mgonjwa shati safi.

"Mvalishe shati," akasema, akajilamba vidole.

Basi nikavalisha shati. Injini ile ina plagi nne kila upande. Za mbele unazifikia umesimama, ila za nyuma zimejificha chini ya ekzosi, na hizo unazilalia kifudifudi, mbavu juu ya chuma, unafanya kazi kwa vidole bila kuona. Ninachomoa waya mmoja, nafungua plagi moja, naanza mpya kwa vidole vitupu mpaka nisikie imeshika njia yake, ndipo naikaza kwa spana, narudisha waya, naenda kwa inayofuata. Siruki. Kila waya una zamu yake ya kupeleka moto, na ukizichanganya injini itapiga chafya mpaka ikung'oe nyusi.

Nilikuwa na maneno ya msamaha tayari kinywani. Si kwamba niliyaamini. Niliyabeba kama nilivyobeba spana, kwa sababu kazi iliyahitaji. Nilijiambia nikimaliza plagi ya pili nitasema. Nilipomaliza ya pili, shemeji akaamua kunisaidia. Akapita upande wa pili akachomoa waya zote nne kwa mkupuo mmoja, kama anayeng'oa magugu.

"Umefanya nini?"

"Tuende mbio. Wewe unabembeleza injini kama bibi harusi."

Nilimeza maneno yangu yakashuka pamoja na mate. Ikabidi nifuatilie waya mmoja mmoja mpaka kwenye distributa inayogawa moto, nazipanga upya, jua likinichoma kisogo, yeye akinieleza kwamba Wakenya wanapenda kuonyesha kazi ni ngumu. Nilipojiambia nitajaribu tena kuomba baada ya plagi ya tatu, akauliza kama kwetu Kitale wanawake hurudi wenyewe au hadi waletwe. Nilikuwa nimekamata spana, na ni vizuri mtu aliyekamata spana asijibu baadhi ya maswali.

Hivyo ndivyo asubuhi ilivyokwenda. Kila nilipokaribia kuomba, alitafuta la kunizuia, na naamini alijua. Alitaka niombe, lakini alitaka zaidi nishindwe.

Nilikuwa nimebakiza plagi moja, ile ya nyuma kabisa, mbaya kuliko zote, naye amekaa upande wa pili wa injini akizisugua zile kuukuu kwa msasa.

"Nyinyi kazi yenu kutupa tu," akasema. "Hii iko mzima."

"Shemeji, hiyo imekufa."

"Nitakuonyesha."

Yeyote aliyepanda boda boda Kampala ameona alichotaka kunionyesha. Pikipiki ikizima njiani, dereva anachomoa plagi, anairudishia waya wake, anaigusisha kwenye chuma cha injini, anapiga kiki. Ikitoa cheche, nzima. Isipotoa, mbovu. Barabarani ni sawa, upepo unapita, na hata mimi ndivyo nilivyofundishwa. Lakini boti si pikipiki. Tumbo lake ni bakuli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Ukivuja unashuka chini na kukaa hapo hapo, na ndiyo sababu boti za namna ile huwekewa feni ya kuufukuza kabla mtu hajagusa swichi. Feni ya shemeji ilikuwepo. Waya zake alikuwa amezikata akazifungia spika za muziki.

Nilikuwa nimelala kifudifudi, mkono umepotea chini ya ekzosi, niliposikia harufu imebadilika. Harufu ya petroli kwenye injini huwa ipo, pua huizoea. Hii ilikuwa nzito, ya kukaa kooni. Kabureta ile niliyokatazwa kuigusa ilikuwa imedondosha petroli asubuhi nzima, na tulikuwa tumekaa juu yake. Nikainua kichwa. Shemeji ameshika plagi kwa mkono wa kushoto, waya wake kichwani, ameibana kwenye chuma. Kidole gumba cha kulia kinakwenda kwenye kitufe cha kuwashia, ambacho alikifunga mwenyewe hapo karibu na injini kwa waya mbili, ili asihangaike kwenda mbele kwenye usukani.

Nilimpiga mkono kwa mpini wa spana kwa nguvu zangu zote.

Alilia kama mbuzi. Plagi ikaangukia tumboni mwa boti. Kabla sijatoa pumzi ameshanitandika ngumi ya sikio, nikaona nyeupe, nikamkamata shati, nikamvuta kumtoa mle ndani, tukaanguka majini wote wawili. Alidhani nataka kumzamisha, na sikumlaumu. Uso wangu ulikuwa ukimwahidi kitu kama hicho miaka yote. Wanawake waliokuwa wakipara samaki wakapiga mayowe.

"Banange! Mashemeji wanauana!"

"Petroli!" nikawa napiga kelele. "Petroli, mjinga wewe!"

Hakusikia, au alisikia tusi tu. Nikamwachia akikohoa maji, nikarudi kwenye boti, nikachomoa nyaya za betri. Kisha nikainua ubao wa chini, nikachovya kitambaa kwenye maji yaliyotuama pale, nikakibeba kwa ncha za vidole mpaka kwenye mchanga mtupu, mbali na watu. Nikaomba kiberiti kwa mvuvi aliyekuwa akivuta sigara yake kwenye kivuli cha mtumbwi. Nikawasha njiti, nikairusha.

Kitambaa hakikuwaka polepole kama vitambaa vinavyowaka. Kilisema "hu!" na moto ukasimama urefu wa mtu, ukala na majani makavu ya pembeni. Wapara samaki wakarudi nyuma. Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono ameubana kwapani, maji yanamtiririka.

"Hicho ni kitambaa," nikamwambia. "Chini yetu imejaa."

Akakaa mchangani. Nikakaa pia, si karibu naye. Nilikuwa nimelala ndani ya kitu kile kifua kizima. Nilingoja ashukuru, na ningekuwa bado nangoja mpaka leo. Alitazama moto ukizimika, akatazama boti, akatazama kidole chake kilichokuwa kikivimba, na alipofungua mdomo alisema:

"Mama asijue."

Nilielewa. Mama mkwe anaogopa maji tangu utoto. Aliikubali boti ile baada ya mwanawe kumwapia kwa msahafu kwamba ameijua vizuri kila sehemu yake. Akisikia habari ya kitambaa, boti imekwisha, na ukubwa wa nyumba umekwisha pia.

"Kesho kuja chukua bibi yako," akasema, akitazama ziwa. "Mimi nitawaambia umeniomba msamaha."

"Sijakuomba."

"Nimesema nitawaambia."

"Na mkono?"

"Kifuniko kiliniangukia."

Hivyo ndivyo tulivyomaliza mambo, watu wazima wawili tumelowa chapachapa. Alikuwa akinirudishia mke wangu kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani ili jirani asiseme alichokiona jikoni. Mimi niliyekuwa nimekwenda kuomba sikuomba, na aliyetakiwa kushukuru hakushukuru. Nilirudi botini nikaacha kifuniko wazi mpaka upepo ulipokwisha kuufukuza ule mvuke wote, nikakausha tumbo la boti, nikafungua kabureta niliyokatazwa nikaisafisha, nikakata waya za spika zake nikairudishia feni. Nikaweka plagi ya mwisho. Injini ilipowaka iliimba sawasawa, bila hata kikohozi kimoja. Shemeji aliisikiliza, akatema mate majini, akaniambia nimemlowesha simu.

Nilirudi nyumbani na hasira nyingi kuliko niliyokwenda nayo.

Kesho yake sikuhitaji kwenda Nsambya. Mke wangu alikuja mwenyewe, asubuhi, walevi wa baa wakiwa wamelala, akaweka begi lake karibu na mlango bila kulifungua. Alisimama akanitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama, hata siku ya harusi.

"Kaka ametueleza," akasema.

"Amewaeleza nini?"

"Kwamba ulipiga magoti. Pale mchangani, mbele ya wauza samaki. Ukamshika miguu, ukalia."

Damu ilinipanda mpaka masikioni, moja likiwa bado linauma. Mimi! Nimlilie yule! Nilifungua mdomo kumwambia yote, kitufe, kitambaa, kidole, alivyolia yeye kama mbuzi. Nilikuwa nimeahidi kunyamaza, lakini sitajidai hapa kwamba ahadi ndiyo iliyonizuia. Ahadi kwa mtu yule ningeivunja kama njiti. Kilichonizuia ni uso wa mke wangu. Macho yalikuwa yamemvimba. Alikuwa amelia, na hakuwa amelia kwa huzuni.

"Mama alimwambia arudie mara mbili," akasema. "Mimi nilikuwa sijui kama unaweza. Miaka yote hii, hata ukinikanyaga husemi pole."

Nikafunga mdomo.

"Ni kweli ulipiga magoti?"

"Ndiyo," nikasema, na jina la kaka yake lilinipita moyoni na laana zake zote.

Hakusogea. Amenijua muda mrefu, mwanamke huyu. Alinipima kuanzia usoni mpaka miguuni, kama anavyopima mteja mwenye kitambaa kidogo.

"Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Ulivyopiga."

Mlangoni kulikuwa na begi lililofungwa. Nikaweka goti la kushoto kwenye sementi, kisha la kulia, polepole, kwa sababu mbavu zilikuwa zikiuma kwa ile injini. Sementi ilikuwa baridi. Sikumshika miguu, sikulia. Sijui kama yule mwongo aliniona nikifanya hivyo ndotoni au wapi. Nilitazama ncha za viatu vyake, na maneno niliyoyabeba ziwani siku nzima, ambayo sikuweza kuyatoa mbele ya kaka yake, sikuyapata hata moja. Nilisema tu, "Nisamehe. Nyumba imenishinda."

Nilidhani ataniinua.

"Kaa hapo kidogo," akasema, akanipita, akaenda jikoni kubandika chai.

Nikakaa.